Je, droni zimeua kifaru cha vita? Jibu kwa mama wa Mafinga

"Naishi Mafinga. Mwanangu wa kiume amemaliza kidato cha sita, yuko JKT kwa mujibu wa sheria, na anasema akitoka huko anataka kuendelea jeshini. Baba yake mdogo anaangalia video za vita vya Ukraine kila usiku kwenye simu, naye anamwambia anapoteza muda: vita vya sasa ni droni, kifaru kimekufa, kwata na kuchimba mahandaki ni mambo ya kizamani, bora akasomee kompyuta. Jirani yetu, mzee aliyekwenda vita vya Kagera, anasema vita havijabadilika hata kidogo, askari ni miguu na moyo. Kijana amechanganyikiwa, na mimi mama yake zaidi. Nani anasema kweli? Majeshi yanabadilika vipi hasa? Halafu kuna mtu ametuambia tukitoa kidogo atamwingiza jeshini bila kusumbuka. Nimshauri nini mwanangu?"

Kamwene, mama. Naanza na huyo wa "kutoa kidogo", maana yeye hahitaji maelezo marefu: usimpe hata shilingi. Nitasema zaidi huko chini. Sasa tuje kwenye ubishi wa nyumbani kwako, ambao nikuambie ukweli, ndio huohuo unaowakalisha majenerali hadi usiku.

Shemeji yako anachokiona kwenye simu ni cha kweli. Droni ya bei ya simu ya mkononi inateketeza kifaru cha mamilioni ya dola, na hilo hutokea karibu kila siku. Ila akumbuke kwamba anayerusha zile video mtandaoni anachagua. Droni iliyovurugwa mawimbi ikaangukia shamba la alizeti haiwekewi muziki na haitumwi kwenye magrupu. Kwa hiyo mtazamaji anahesabu mabao tu, hahesabu mashuti yaliyotoka nje.

Na kifaru kimeshazikwa zaidi ya mara moja. Oktoba 1973 wanajeshi wa Misri walivuka Mfereji wa Suez wakiwa na makombora madogo ya Kisovieti yaitwayo Malyutka. Askari wa kawaida aliweza kulibeba kwenye sanduku la mkononi, akalala nyuma ya kichuguu cha mchanga, akaliongoza kwa waya mwembamba uliokuwa ukifunguka nyuma ya kombora likiwa hewani. Vifaru vya Israel, vilivyozoea kukimbia mbele peke yake, viliungua vibaya siku zile za mwanzo. Watu wengi wenye akili zao wakasema basi, zama za kifaru zimekwisha. Waisraeli hawakuvitupa. Waligundua kwamba anayeliongoza lile kombora lazima alifuate kwa macho mpaka ligonge, na hizo ni sekunde nyingi kwa mtu anayemiminiwa risasi. Wakaanza kutembeza vifaru pamoja na askari wa miguu na mizinga, wakipiga kila mahali palipoonekana kuwa na mtu aliyejificha, wakitumia na moshi. Kabla mwezi haujaisha vifaru vyao vilikuwa ng'ambo ya pili ya mfereji.

Hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Silaha mpya ina kipindi chake cha neema, na kipindi hicho hudumu kwa muda ambao adui anahitaji kujifunza. Wewe ni mtu wa Mafinga, unajua habari ya dawa ya viwavijeshi: msimu wa kwanza unapulizia unakuta funza wamekufa kila jani, misimu kadhaa baadaye unapulizia na wao wanaendelea kula. Jeshi linalonunua dawa moja na kulala limekwisha.

Angalia Ukraine kwa mpangilio wa miaka, si kwa video mojamoja. Februari 2022 Urusi ilipovamia, sifa zote zilikuwa za droni kubwa ya Kituruki, Bayraktar TB2, iliyopiga misafara ya Warusi. Warusi walipopanga vizuri mitambo yao ya kutungua ndege, TB2 ikaanza kutoweka kwenye habari. Katikati ya mwaka huo ikaja mitambo ya roketi ya HIMARS kutoka Marekani, inayolenga kwa satelaiti, na maghala ya risasi ya Warusi yakawa yanalipuka usiku baada ya usiku. Warusi wakayarudisha maghala nyuma, wakayagawa madogomadogo, wakaanza kuvuruga mawimbi ya satelaiti. Mwaka 2023 zikaenea droni ndogo za mashindano zilizofungwa bomu, mwongozaji akiwa amevaa miwani inayomwonyesha anachokiona kamera ya droni. Zikajibiwa kwa mitambo ya kuvuruga mawimbi. Waongozaji wa droni wakabadilisha masafa; wavurugaji nao wakabadilisha. Ilipofika 2024 ikaja droni isiyotumia mawimbi kabisa, inayoburuza uzi wa faiba kilomita kumi na zaidi. Uzi haufungiki kwa kuvuruga mawimbi. Mimi niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka, maana ni waya wa Malyutka umerudi baada ya miaka hamsini, safari hii wa kioo.

Jibu la droni za uzi likawa nini? Nyavu. Barabara za kupeleka chakula na risasi zimesimikiwa nguzo na kufunikwa kwa nyavu kilomita nyingi, baadhi yake nyavu kuukuu zilizotolewa na wavuvi wa Ulaya. Na vifaru? Marekani iliipa Ukraine vifaru 31 vya Abrams, vikaingia nchini humo mwaka 2023, na Aprili 2024 ikabidi viondolewe mstari wa mbele kwa sababu ya droni. Hiyo ni hoja nzito ya shemeji yako na siwezi kuificha. Lakini pande zote mbili bado zinavitaka vifaru, zinavifungia vizimba vya chuma, zinavificha ndani ya vichaka na kuvitumia kama mzinga wa kupiga kutoka mbali. Kwa maoni yangu kifaru hakijafa, kimenyang'anywa ubwana. Zamani kilitangulia, siku hizi kinangoja kuitwa.

Sasa, mama, sikiliza jambo ambalo shemeji huenda hajaliona kwenye simu. Droni zimewarudisha watu kwenye majembe. Kwa kuwa gari lolote linaonekana kutoka juu, askari wa Ukraine wengi huteremshwa mbali na kutembea kilomita za mwisho kwa miguu, usiku, wawili au watatu, wamebeba maji, betri na risasi mgongoni. Wakifika wanakaa kwenye shimo walilochimba au walilolikuta, na uhai wao unategemea shimo hilo lilivyochimbwa na lilivyofunikwa. Warusi nao wamefika mahali pa kushambulia kwa pikipiki. Kwa hiyo kijana akirudi likizo akilalamika kwamba anachimba tu handaki, mwambie huko Donbas, mashariki mwa Ukraine, mtaalamu wa droni naye anachimba.

Na nidhamu ambayo vijana huiona ni kelele za maafande? Usiku wa kuamkia mwaka 2023 Warusi waliokuwa wametoka kuandikishwa walikuwa wamelazwa ndani ya chuo kimoja mjini Makiivka, hukohuko mashariki mwa Ukraine. Roketi zikawashukia. Wizara ya Ulinzi ya Urusi yenyewe ilikiri vifo 89 na kulaumu askari waliowasha simu zao na hivyo kumwonyesha adui walipo. Wapo waliosema lawama zilitupwa kwa askari ili kuwakinga wakubwa waliowarundika watu mahali pamoja jirani na risasi, na mimi naona hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, agizo la "zima simu" leo lina thamani ya ngao. Kama mwanao anapiga picha kambini na kuzituma kwa marafiki, aache leo.

Upande wa mzee wa Kagera naye nimpe haki yake na nimkosoe kidogo. Machi 1979, Lukaya, kwenye barabara ya kinamasi iendayo Kampala, Brigedi ya 201 ya JWTZ, iliyokuwa na mgambo wengi ambao hawajazoea moto, ilikutana na Walibya waliokuja kumsaidia Idi Amin. Walibya walifyatua roketi za Katyusha. Nyingi zilipita juu ya vichwa na kuangukia nyuma, hazikuua wengi. Lakini mlio ule kwa mtu asiyewahi kuusikia ulitosha: brigedi ikavunjika, watu wakakimbilia kinamasini. Usiku huo Brigedi ya 208 ikazungushwa mbali, na alfajiri ikapiga kutoka kaskazini magharibi huku ile ya 201, ikiwa imekusanywa na kupangwa upya, ikirudi kutoka kusini. Walibya wakashindwa vibaya, na Aprili 11 Kampala ikaanguka. Hapo mzee ana haki, moyo na mazoezi vilishinda mlio. Ila asisahau kwamba jeshi lile lenyewe lilibadilika mbio mbio ili lishinde: lilichukua mgambo, JKT, polisi na magereza, likapita askari 100,000 kwa miezi michache, na kulazimika kujifunza njiani namna ya kuwalisha watu wengi kiasi hicho mbali na nyumbani. Ukimkuta mzee ametulia, mwombe amweleze kijana walikula nini na nani alikileta. Atajifunza zaidi hapo kuliko kwenye habari za mabomu.

Lakini mtu wa mkoa wa Iringa hana haja ya kwenda mbali hivyo. Ukitoka Ilula kuja Iringa mjini unapita Lugalo. Mahali hapo, Agosti 17, 1891, Wahehe wa Mtwa Mkwawa waliangamiza kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, yule aliyeitwa Nyundo. Wajerumani walikuwa na askari zaidi ya mia tatu, bunduki za kisasa, mizinga na rashasha. Wahehe walikuwa na mikuki na ngao, na bunduki chache. Kilichotokea hakikuwa muujiza. Msafara ulikuwa umenyooka mrefu kwenye njia nyembamba yenye vichaka na mawe, silaha kubwa zimefungwa kama mizigo ya safari. Wahehe walilala kimya hadi msafara ukawa karibu nao kabisa, wakaruka. Kwa umbali wa hatua chache mkuki una kasi kuliko bunduki inayohitaji kuondolewa begani na kujazwa risasi. Dakika chache, Zelewski na wengi wa watu wake walikuwa wamekufa, ingawa Wahehe nao walipoteza watu wengi. Mbinu zenyewe hazikuwa zote za kwao tangu asili. Baba yake Mkwawa, Munyigumba, alikuwa ameshajifunza kutoka kwa majirani aliopigana nao, Wasangu na Wangoni, na Wangoni walikuja nazo kutoka kusini kwa Wazulu. Jeshi zuri halioni haya kuiba maarifa.

Sasa tazama nani alijifunza baada ya hapo. Mkwawa aliimarisha makao yake ya Kalenga kwa ukuta mkubwa wa mawe. Wajerumani hawakurudi na msafara wa kutembea hovyo vichakani. Walirudi na gavana wao, von Schele, na mizinga, na Oktoba 30, 1894 wakaubomoa ukuta na kuingia. Nimefundisha historia ya vita muda mrefu na bado hapa pananiuma: ushindi wa Lugalo ulipatikana kwa kujificha na kwenda mbio, halafu nguvu zikawekwa kwenye kitu kikubwa kisichohama, ambacho mzinga hukipenda. Mkwawa alilitambua hilo. Baada ya Kalenga akageuza vita, akawa wa msituni, anapiga anatoweka, miaka karibu minne. Wajerumani nao wakageuza. Wakaacha kutafuta pigano moja kubwa, wakajenga boma Iringa mwaka 1896, wakawatumia wapinzani wa Mkwawa akiwemo Merere wa Usangu, wakachoma chakula, wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa kichwa chake. Julai 19, 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, alijipiga risasi. Nakuomba uone kwamba katika miaka saba kila upande ulibadilisha vita vyake zaidi ya mara moja, na silaha zenyewe hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni namna ya kuzipanga, watu wa kuungana nao, na nani ana chakula.

Unauliza majeshi yanabadilika vipi hasa. Wengi hudhani ni kununua. Kununua ni sehemu nyepesi. Ugumu uko kwenye njia ambayo habari mbaya inapita kutoka kwa koplo aliye shimoni hadi kwa mtu anayetia saini ya fedha. Mfano mzuri ni Marekani huko Iraq. Mabomu ya kutega barabarani yaliwaua askari wengi waliopanda magari mepesi. Desemba 2004, huko Kuwait, askari mmoja alisimama mbele ya Waziri wa Ulinzi, Donald Rumsfeld, akamuuliza kwa nini wanalazimika kuokota vyuma jalalani ili kuyakinga magari yao. Jibu lilikuwapo Afrika tangu miaka ya 1970: Rhodesia (Zimbabwe ya leo) na Afrika Kusini zilikuwa zimeunda magari ya tumbo lenye umbo la V, bomu likilipuka chini nguvu yake inatawanyika pembeni. Hata hivyo Marekani, tajiri kuliko wote, ilianza kuyanunua kwa wingi mwaka 2007 tu, baada ya waziri mwingine, Robert Gates, kulishikilia jambo hilo mwenyewe. Miaka mitatu ilipotea si kwa kukosa fedha wala wahandisi.

Jeshi ambalo mdogo anaogopa kumwambia mkubwa "hii haifanyi kazi" litajifunza kwa makaburi. Hilo ndilo ninalolitazama nikitaka kujua kama jeshi fulani litabadilika: je, anayerudi kutoka mapiganoni anapelekwa shuleni kufundisha, au anapewa cheti na kusahauliwa?

Nchi yetu nayo imepitia mageuzi makubwa kuliko ya droni. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi. Mwalimu Nyerere hakukarabati jeshi lile la mkoloni, alilivunja, na JWTZ ikaanzishwa Septemba 1 mwaka huohuo, wengi wa askari wake wakitoka kwa vijana wa JKT na wa chama. Kwa hiyo anachokipitia mwanao sasa kilikuwa wakati mmoja ubunifu mkubwa kuliko silaha yoyote iliyonunuliwa. Baadaye, mwaka 2013, Tanzania ilipeleka askari Kongo kwenye brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyopewa ruhusa ya kushambulia, jambo geni kwa walinda amani. Kundi la waasi la M23 likashindwa Novemba mwaka huo. Halafu kundi hilohilo likajipanga, na Januari 2025 likaingia Goma. Adui naye ana shule yake.

Basi kijana afanye nini? Kwanza aondoe mawazo kwamba kuna mlango wa jeshi na mlango wa kompyuta. Droni moja ikiwa hewani, chini yake kuna anayeiongoza, fundi anayejua kuchomelea waya, anayechaji na kutunza betri, anayejua masafa yapi leo yamevurugwa, anayesoma ramani, na dereva aliyewafikisha wote hapo bila kuonekana. Kama alisoma mchanganyiko wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) au PGM (fizikia, jiografia na hisabati), utamfaa sana. Kama alisoma masomo ya sanaa, kuna lugha, uchambuzi wa habari, ugavi. Na katika vita vya kweli ugavi ndio unaoamua, ingawa hakuna anayeupigia makofi.

Pili, usimjengee maisha juu ya nafasi moja. Wengi huomba, wachache huchukuliwa. Aombe chuo kama wenzake. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kinafundisha uhandisi, na VETA Iringa si mahali pa walioshindwa kama watu wanavyosema vijiweni. Akija kuchukuliwa jeshini na stadi ya elektroniki mkononi, atapokelewa vizuri. Asipochukuliwa, hatakuwa amepoteza mwaka.

Tatu, zungumza naye habari ya kifo, mama. Desemba 7, 2017 askari wetu zaidi ya kumi waliuawa kwa shambulio moja huko Semuliki, Kongo, wakilinda amani. Hakuna droni iliyohusika kwenye simulizi hiyo, ni waasi waliokuja na bunduki na kupigana saa nyingi. Kama kijana anaipenda sare lakini hajawahi kulifikiria hilo, ni mapema mno kusaini chochote.

Kwa mambo ya taratibu, usitegemee mimi wala grupu la WhatsApp. Taratibu hubadilika, na matangazo ya kweli hutolewa na JWTZ na JKT wenyewe. Nenda ofisi ya wilaya umwone mshauri wa mgambo, umuulize ana kwa ana. Kijana naye akiwa kambini amuulize afande wake. Yule wa "kutoa kidogo" mpeleke TAKUKURU, namba yao ya bure ni 113. Mkilipa mtakuwa mmepoteza fedha na kijana atakuwa ameshiriki kosa kabla hajavaa buti.

Jambo la mwisho ni la hospitali. Kama ana pumu, kifafa, tatizo la moyo au goti lililowahi kuumia mpirani, apimwe na daktari sasa hivi na asilifiche kambini. Kila mwaka wapo vijana wanaoficha ili wasirudishwe, na ugonjwa unajitokeza kwenye mbio za alfajiri, kwenye baridi ya kwenu hiyo ya mwezi wa saba.